Utamu na Jina Lake

Katika njia iitwayo rue Royale, mjini Paris, ipo nyumba ya chai ya Ladurée, ambayo asili yake ni duka la mikate lililofunguliwa mwaka 1862. Wageni kutoka pande nyingi za dunia huenda huko ili waketi, wanywe chai, na wale vyakula vitamu, hasa macaron. Macaron si makaroni, zile tambi ziliwazo pwani. Ni vibiskuti viwili vyepesi vya lozi zilizosagwa, ute mweupe wa mayai na sukari, vilivyoshikanishwa kwa krimu. Hakuna humo kitu kigeni kwa mpishi wa Lamu au Unguja. Walakini aliyekula pale hurudi kwao akisimulia nyumba kwanza, kisha ladha, kama bado aikumbuka. Mtu huyo amelipia utamu, au amelipia jina? Na kama ni jina, jina lina haki gani ya kulipwa?

Swali hilo laweza kupimwa vyema zaidi Ifakara kuliko Paris, kwa kuwa bonde la Kilombero lina mali yenye jina na mali isiyo na jina, na zote mbili hukutana katika kitumbua kimoja. Mchele hulowekwa usiku, husagwa, huchanganywa na tui la nazi, hamira, iliki na sukari, kisha humiminwa katika chuma chenye mashimo, na alfajiri harufu yake huenea njiani. Sukari yaweza kuwa ya Msolwa au Ruembe, viwanda viwili vilivyo kila kimoja ng'ambo yake ya mto Ruaha Mkuu. Hiyo hutoka bondeni katika mfuko wenye jina lake, Bwana Sukari. Mchele hutoka katika gunia lisilo na neno. Ni jambo linalojulikana katika masoko ya Dar es Salaam kwamba mchele wa mahali pengine huuzwa kwa jina la Kyela, kwa kuwa Kyela, kule kaskazini mwa Ziwa Nyasa, ndiko kulikosifiwa zaidi.

Wako wasemao kuwa jina ni upuuzi: ulimi haujui kusoma. Maneno hayo yana ukweli, lakini ni ukweli mwembamba. Binadamu hali kwa ulimi peke yake. Pilau ya Idi iliyoliwa na jamaa si pilau ile ile iliyoliwa upweke, ijapokuwa chungu ni kimoja. Tena jina ni ahadi. Nyumba inayojulikana yaweza kuaibishwa. Isiyojulikana haina cha kupoteza. Kwa hiyo anayekwenda rue Royale kwa ajili ya sifa hana hatia, maadamu mfuko ni wake.

Hatia yatafutwa kwingine, wala haionekani upesi. Chukua mchele wa Ifakara uliouzwa kwa jina la Kyela. Mnunuzi aliupika, ukanukia, akashiba, akashukuru. Mfanyabiashara alimlipa mkulima bei waliyopatana. Hapana aliyelia. Nani basi aliyedhulumiwa? Yafaa kujibu bila kusita kuwa ni mkulima, ingawa yeye mwenyewe huenda hajui. Sifa ya mwaka huu ndiyo mbegu ya bei ya mwaka ujao. Aliyeipeleka sifa hiyo kwingine amevuna shamba ambalo mwenyewe hakuliona. Mkulima wa Kyela naye hakusalimika, maana siku mchele mbovu utakapovikwa jina lake, lawama itamfuata yeye.

Mwanamke anayekaanga vitumbua hayumo katika dhuluma hii. Hana kibao mlangoni, wala mlango. Huitwa kwa jina la mwanawe, na wateja humjua kwa sura na kwa mkono wake. Akiunguza leo, kesho watapita wakimsalimu tu. Hiyo pia ni sifa, ila ni sifa ya hatua mia mbili. Mchele wake, ukisafiri hatua mia tatu, hauna wa kuusemea.

Yaweza kujibiwa kwamba mchele wa Kilombero ukipewa jina utapanda bei, na kitumbua nacho kitapanda, hata fundi wa matofali, mwendesha bodaboda na mtoto wa shule washindwe kukinunua katika mji ule ule uliokizaa. Hoja hii ni nzito kuliko ile ya ulimi. Vyakula vingi vya maskini vimekwisha kuhama meza kwa njia hiyo. Lakini haitoshi kuhalalisha uongo. Yaonyesha tu kwamba ukweli una gharama, na kwamba si haki gharama hiyo iangukie kifungua kinywa cha mtoto peke yake.

Wakati wa mavuno malori hupakia Ifakara, hukata njia ya Kidatu na Mikumi, na kushusha magunia Tandale. Mnunuzi hutia mkono, hunusa, huuliza, "Wa wapi huu?" Muuzaji humtazama uso kwanza, ndipo ajibu.