MKATE NA MAJI CHINI YA MTI

Neno kwa vijana wanaojitayarisha kukimbia marathoni wakati wa jua kali

Masomo: 1 Wafalme 18:41-46 na 19:1-8



Vijana wengi kati yetu wanapenda kukimbia. Wengine wako Bukavu na Goma, kwenye baridi ya milima. Wengine wako Uvira, Kalemie, Kindu na Kisangani, kwenye joto. Wengine wako Ulaya, ambako mbio zingine zinafanyika katikati ya kiangazi. Wanajitayarisha kwa marathoni, ndiyo kilometa 42 na meta 195. Tunafurahi nao. Lakini wapo wanaosema hivi: “Mimi nitafunga bila chakula wala maji, nitakimbia juani, na Mungu atanibeba.” Neno hilo linafanana na imani. Basi tulipime kwa Maandiko, maana linaweza kuua mtu.

Angalieni nabii Eliya. Mvua ilipokaribia, mkono wa Bwana ulikuwa juu yake, naye akakimbia mbele ya gari la mfalme Ahabu mpaka Yezreeli. Farasi walikuwa nyuma, mtu wa Mungu mbele! Hapo tunapiga makofi. Lakini tugeuze ukurasa. Mtu yule yule, baada ya siku chache, amelala jangwani chini ya mti, nguvu zimekwisha, anaomba afe.

Na Mungu alimfanyia nini? Hakumwambia kwamba imani yake ni ndogo. Hakumwamuru afunge tena. Alimtuma malaika na mkate uliookwa juu ya makaa, na chupa ya maji. Eliya akala, akanywa, akalala. Malaika akarudi mara ya pili na kumlisha tena, kwa sababu njia iliyobaki ilizidi nguvu zake. Ndipo akatembea siku arobaini mpaka Horebu. Wapendwa, mkate, maji na usingizi vilikuja mbele ya safari, tena vililetwa na malaika. Nani basi atasema kwamba kunywa maji ni kukosa imani?

Sasa tuangalie namna Mungu alivyoumba mwili. Mtu anapokimbia, sehemu kubwa ya nguvu anayotumia inageuka kuwa joto ndani yake. Joto lile lazima litoke. Mungu aliweka jasho: linapokauka juu ya ngozi, linachukua joto na kwenda nalo. Lakini hewa ikiwa na unyevu mwingi, kama pembeni ya mto mkubwa, jasho linadondoka chini bila kukauka. Mtu analowa, lakini hapoi. Ndiyo sababu kijana aliyezoea Bukavu, akishuka Uvira na kukimbia kwa mwendo ule ule, anaona moyo unapiga mbio kuliko miguu.

Lakini Mungu aliweka jambo lingine la ajabu: mwili unaweza kufundishwa jua. Mtu akifanya mazoezi kwenye joto kila siku, kwa kipimo, mwili unabadilika ndani ya siku saba mpaka kumi na nne hivi. Maji ya damu yanaongezeka. Moyo unapiga kwa utulivu zaidi. Jasho linaanza mapema, linakuwa jingi, nalo linapoteza chumvi kidogo kuliko mbele. Hakuna anayeweza kupata hayo kwa usiku mmoja, hata akikesha. Na akiacha mazoezi hayo, baada ya majuma machache mwili unasahau. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kisipotunzwa kinamwagika.

Sikieni mfano wa mwaka 2019. Mashindano ya dunia yalifanyika Doha, katika nchi ya Qatar. Kwa sababu ya joto, marathoni ya wanawake ilianza karibu saa sita ya usiku, tarehe 27 Septemba. Hata usiku huo joto lilipita digrii 30, na unyevu ulikuwa mwingi. Wanawake 68 walianza. 40 tu ndio waliomaliza. Hawa walikuwa mashujaa wa mataifa yao. Kati ya waliomaliza alikuwa mama mmoja wa Namibia, Helalia Johannes, mwenye miaka 39. Mwezi wa tatu mwaka ule ule, huko Nagoya katika Japani, alikuwa amekimbia marathoni kwa masaa 2, dakika 22 na sekunde 25. Doha alitumia masaa 2, dakika 34 na sekunde 15, karibu dakika 12 zaidi. Na kwa mwendo huo alikuwa wa tatu katika dunia nzima! Kijana, siku ya jua usishindane na saa yako ya siku ya baridi. Anayekubali kupunguza mwendo ndiye anayefika.

Sikieni mfano mwingine, wa huzuni. Tarehe 14 Julai 1912, kwenye Michezo ya Olimpiki ya Stockholm, jua lilikuwa kali na karibu nusu ya wakimbiaji wa marathoni waliacha njiani. Seremala mmoja wa Ureno, Francisco Lázaro, alikuwa amejipaka mafuta mazito mwilini. Jasho halikupata njia ya kutoka vizuri. Alianguka njiani, na kesho yake akafa. Hatumhukumu ndugu huyu. Alitafuta msaada kwa namna aliyoijua. Lakini tujifunze: mlango ambao Mungu alifungua katika mwili, mtu asiufunge.

Basi, vijana, shikeni mambo haya.

Kwanza, anzeni mapema. Mbio ndefu ni mara moja kwa juma, polepole, kwa mwendo ambao mtu anaweza kuzungumza na mwenzake. Ongezeni kidogo kidogo. Wakimbiaji wengi wanapanda hivyo mpaka kilometa 30 hivi, halafu majuma mawili au matatu ya mwisho wanapunguza ili mwili upumzike. Mbio hizo ndefu zifanyike alfajiri. Mama zetu wanaobeba mizigo kwenda sokoni wanajua hekima hii: wanatoka mapema, na jua likipanda wanatua mzigo chini ya mwembe.

Pili, joto lifundishwe kwa mbio fupi. Anza na dakika chache, kisha ongeza mpaka saa moja hivi, siku kwa siku. Ukisikia kizunguzungu, baridi ya mwili katikati ya jua, au kutapika, simama siku hiyo. Mwenye homa ya malaria au anayeharisha asikimbie kabisa.

Tatu, maji. Kunywa ukisikia kiu, wala usione haya kusimama. Lakini usijilazimishe kunywa maji matupu mengi kupita kiu, kwa sababu chumvi ya damu inapungua, na hiyo nayo inaweza kuua. Baada ya mbio ndefu kula chakula chenye chumvi kidogo.

Nne, kufunga. Kufunga ni kwema, na Bwana wetu mwenyewe alifunga. Lakini alipofunga jangwani hakuwa katika mashindano. Siku ya kufunga, pumzika na kuomba. Siku ya mbio ndefu, kula na kunywa. Usichanganye siku hizo mbili halafu ukasema unamjaribu shetani. Labda unamjaribu Mungu.

Tano, usikimbie peke yako. Ukiona mwenzako anayumba, anasema maneno yasiyoeleweka, au hajui yuko wapi, huyo ameshikwa na joto. Usingoje jasho likauke. Anaweza kuwa bado anatoka jasho. Mpeleke kivulini, mvue nguo zilizozidi, mmwagie maji baridi mwili mzima, mpepee bila kuacha. Kukiwa na pipa au beseni kubwa la maji baridi, mtumbukize mpaka shingoni na mshike kichwa. Kama amepoteza fahamu, usimmiminie maji mdomoni. Mtu mmoja akimbilie gari la kwenda hospitali, wengine waendelee kumpoza, kwa sababu kila dakika ya joto inaharibu ubongo. Tuombe, ndiyo, lakini mikono inayoomba imwage maji pia.

Na mtu akianguka, tusiseme: “Ana dhambi iliyofichwa.” Eliya alianguka siku chache baada ya ushindi mkubwa. Kama malaika angekuwa na ulimi kama wetu, nabii angekufa chini ya mti ule.

Wapendwa, neno hili si la wakimbiaji peke yao. Wako kati yetu wanaokimbia marathoni ambayo hakuna anayeiandika. Mjane anayelea watoto sita. Kijana anayeuguza baba yake mwaka wa pili. Mwalimu anayefundisha bila mshahara. Jumapili tunawaambia wavumilie. Vema. Lakini malaika hakumwambia Eliya avumilie kabla ya kumpa mkate. Nani kati yetu amepeleka chupa ya maji chini ya mti wa mwenzake juma hili?

Mtume Paulo alijua mbio za Wagiriki, naye aliwafundisha Wakorintho kwamba mkimbiaji anajizuia katika mambo yote kwa ajili ya taji linalonyauka. Kujizuia si kujiua. Kujizuia ni kukubali kipimo: leo kilometa hizi, kesho zile, na kesho kutwa kulala.

Mungu aliyemwinua Eliya awainue vijana wetu. Awape miguu myepesi na akili tulivu, na wenzao wa kukimbia nao. Na wote walioanza mbio wafike, hata wakiwa wa mwisho.

Amina.