Sifa ya bei rahisi

Wengi wanaolitumia neno la Kiingereza "nice" kumsifu mtu hawajui lilikotoka. Mzizi wake ni Kilatini, "nescius", yaani asiyejua. Lilipoingia Uingereza kwa njia ya Kifaransa, mnamo mwaka 1300 hivi, kuitwa hivyo kulikuwa tusi: wewe mpumbavu. Baadaye likawa la mwenye haya, mara la mtu mteuzi, mara la jambo linalotaka umakini; mpaka leo Waingereza huita hivyo tofauti nyembamba kati ya mambo mawili. Karne ya 18 ndipo likaanza kumaanisha kizuri, na kizuri chochote kile.

Jane Austen alilishtukia mapema. Katika riwaya yake Northanger Abbey, iliyotoka mwishoni mwa 1817, miezi michache baada ya yeye kufariki, msichana Catherine anakisifia kwa neno hilo kitabu cha Ann Radcliffe. Henry Tilney anamtania: bila shaka unasifia jalada. Kisha anamwonyesha kwamba siku, matembezi na mabinti, vyote siku hizi vinapewa sifa hiyohiyo moja. Dada yake Henry anamkemea, na kweli kijana anajifanya mwalimu. Lakini hoja anayo.

Na sisi letu tunalo: "mtu wa watu". Nenda msiba wowote usikilize wasifu wa marehemu. Alikuwa mtu wa watu, mcheshi, ameacha pengo lisilozibika. Badilisha jina tu, utaufaa msiba wa kesho. Alipofariki mzee mmoja wa mtaani kwetu, msomaji aliyamaliza yote hayo waombolezaji wakichezea simu. Ndipo mama muuza vitumbua akaomba nafasi. Akasema mvua ikinyesha usiku, mzee alikuwa anatoka na jembe kuuzibua mtaro ili maji yasimwingilie mama huyo ndani, "na sijawahi kumwomba". Akakaa. Vilio vikaanza hapo.

Sina ugomvi na adabu. Si kila salamu ni ya kupimwa kwenye mizani. Ila sifa isiyotaja tendo haimtofautishi marehemu na mtu mwingine yeyote, na mara nyingi huandikwa na asiyemjua. Basi ndugu yangu, siku ukikabidhiwa karatasi uandike wasifu wa mtu, pita kwanza kwa majirani uulize alifanya nini. Hilo la "mtu wa watu" waachie wengine.