Usimdhanie Mlevi



Hana aliposimama mbele za Bwana akiomba kwa uchungu, midomo yake ilicheza bila sauti. Kuhani Eli akamtazama, akaamua kuwa amelewa, akamkemea (1 Samweli 1:9–18). Eli hakuwa mtu mbaya. Alihukumu kwa macho kabla ya kuuliza.

Nasi tunafanya hivyo. Fundi wa rangi na vanishi anatoka karakana jioni akiyumba, kichwa kinamgonga. Miaka ikipita anasahau vipimo, anakuwa mkali nyumbani, anakaa kimya kwa huzuni. Tunasema, pombe hiyo, au, amerogwa. Mimi nami nimewahi kusema hivyo, na ninatubu.

Ndugu zangu, vumbi la salfa kwenye mikorosho tunaliona, nasi husimama upande unakotoka upepo. Lakini mvuke wa thina, petroli na gundi hauonekani. Huingia kwa pumzi, na thina yenyewe hupenya hata ngozi, ikafuata damu hadi kwenye ubongo. Kizunguzungu cha siku moja kwa kawaida huondoka mtu akipata hewa safi. Bali mvuke mwingi wa miaka mingi huweza kudhoofisha kumbukumbu, utulivu wa akili na furaha ya moyo, na madhara hayo huweza kubaki. Katika nchi za Skandinavia, wapaka rangi walichunguzwa kwa ajili hiyo tangu miaka ya 1970.

Mwenye karakana, Torati ilimwagiza mwenye nyumba azungushie dari lake ukuta mfupi, la sivyo atadaiwa damu ya atakayeanguka (Kumbukumbu la Torati 22:8). Ukuta wako ni huu: rangi ipakwe nje au penye madirisha wazi, makopo yafunikwe, mikono isioshwe kwa thina. Kitambaa puani hakizuii mvuke. Inatakiwa barakoa yenye kichujio cha mvuke. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 nayo yamdai mwajiri awalinde wafanyakazi wake.

Nawe jirani, ukimwona fundi akiyumba, muulize kwanza habari za kazi yake. Msindikize zahanati, akamweleze mganga anachokivuta kila siku.

Eli alipomsikiliza Hana, kemeo liligeuka baraka. Bwana atujalie nasi kusikiliza kabla ya kuhukumu. Amina.