Mtoto Akiuliza "Umejuaje?" Asikemewe

Yeyote aliyewahi kusahihisha insha za Kiswahili katika shule zetu anaijua sentensi hii: "Wahenga hawakukosea waliponena kuwa..." Methali hufuata, na methali ikishatajwa, mwanafunzi huona kazi ya kuthibitisha hoja imekwisha. Anayetetea subira ataandika kuwa haraka haraka haina baraka. Anayetetea wepesi ataandika kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Wahenga ni walewale na methali zote mbili ni zao, kwa hiyo methali peke yake haiwezi kuamua kesi. Siku hizi nikiikuta sentensi hiyo naandika pambizoni kwa wino mwekundu: "Umejuaje?"

Nafundisha Kiswahili hapa Eldoret, na nimefikia kuamini kwamba swali hilo fupi lina manufaa kuliko somo zima tunaloliita "ukweli na maoni". Somo hilo, kwa namna tulivyozoea kulifundisha, ni jepesi mno. Tunawaambia wanafunzi kuwa sentensi yenye tarehe na tarakimu ni ukweli, na ile yenye "nadhani", "nzuri" au "mbaya" ni maoni. Wanakariri, wanapita mtihani, kisha wanarudi nyumbani kusambaza kwenye WhatsApp uongo uliojaa tarehe na tarakimu.

Huwa naandika sentensi tatu ubaoni. Ya kwanza: "Eldoret ilipewa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024." Darasa zima hujibu kuwa huo ni ukweli. Ya pili: "Eldoret haikustahili kuwa jiji." Hayo ni maoni, wanasema, na baadhi yao hukasirika kidogo. Ya tatu: "Eldoret ina wakazi wengi kuliko Kisumu." Hapo darasa hugawanyika. Wengi huikubali kwa kuwa wanaupenda mji wao. Mwenye shangazi Kisumu hupinga: "Hayo ni maoni yako tu, mwalimu."

Si maoni yangu. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu wakazi 475,716 mjini Eldoret na 397,957 mjini Kisumu. Lakini funzo halijaisha. Nawauliza: je, kama sensa ingeonyesha kinyume, sentensi hiyo ingegeuka kuwa maoni? Kimya hutanda, halafu mmoja hunyanyua mkono na kusema kwamba ingekuwa uongo. Sawasawa. Ingekuwa dai lisilo la kweli, lakini bado lingekuwa dai la kuhakikiwa, kwa sababu kuna mahali pa kwenda kulitazama: sensa, kumbukumbu ya mahakama, daftari la hospitali, shahidi aliyekuwepo. Maoni hayana daftari la namna hiyo. Hakuna ofisi unayoweza kuiendea ikuambie kama Eldoret ilistahili kuwa jiji. Lakini unaweza kuuliza sababu, ukazipima: maji yanatosha? Barabara je? Taka zinazolewa?

Kwa hiyo mstari tunaouchora haupiti kati ya kweli na uongo. Unapita kati ya jambo linalohakikiwa na jambo linalopimwa kwa sababu zake. Mwanafunzi asiyeelewa hilo atafanya makosa mawili makubwa: ataamini kila kinachofanana na habari, na atadharau kila kinachoitwa maoni.

Kosa la kwanza tuliliona karibu kabisa na nyumbani. Usiku wa tarehe 11 Februari 2024, Kelvin Kiptum alifariki dunia katika ajali ya gari huko Kaptagat, pamoja na kocha wake kutoka Rwanda, Gervais Hakizimana. Kiptum alikuwa na umri wa miaka 24. Miezi minne tu kabla ya hapo alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya marathoni mjini Chicago, saa 2:00:35, akiivunja ile ya Eliud Kipchoge. Polisi walieleza kuwa gari lilipoteza mwelekeo, likatoka barabarani na kugonga mti. Mkoa mzima uliingia msibani. Na kabla machozi hayajakauka, mitandaoni zikaanza kuzagaa sentensi zilizodai kuwa Kipchoge alikuwa na mkono katika kifo hicho.

Hakuna aliyetoa ushahidi wowote. Hata hivyo sentensi hizo zilitembea. Mwezi Mei mwaka huo Kipchoge aliiambia BBC jinsi alivyotishiwa kuchomewa nyumba, kambi ya mazoezi na mali zake mjini. Alieleza hofu aliyokuwa nayo juu ya watoto wake, ambao wakati mwingine walikwenda kwa baiskeli na sasa ikabidi wazuiwe. Alipompigia simu mama yake, mama alimsihi ajihadhari. Alisema amepoteza karibu asilimia 90 ya marafiki zake. Huyu ni mtu ambaye vijana wetu humwona akikimbia katika barabara za vumbi za Kaptagat.

Nilipoyaleta hayo darasani, baadhi ya wanafunzi walijitetea. Walisema hawakudai kitu, walitoa maoni. Mmoja alinisomea alichokuwa amekiona kwenye simu, ujumbe ulioanza na maneno "kwa maoni yangu" kisha ukamtuhumu mtu kuwa amehusika na kifo. Hapa ndipo nikatambua kitu ambacho vitabu vyetu vya kiada havisemi kwa sauti ya kutosha: ukitanguliza "kwa maoni yangu" hubadilishi aina ya sentensi. Ama mtu alihusika ama hakuhusika. Hilo ni jambo la kuhakikiwa, na anayelisema ndiye mwenye wajibu wa kuonyesha alikolitoa. "Kwa maoni yangu" isiwe shuka ya kujifunikia unapomtuhumu mwenzako.

Mwingine alijitetea kwa methali. "Lakini mwalimu, lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Naipenda sana lugha yetu, na naipenda hazina yake ya methali, ila dhidi ya methali hiyo nimewaonya. Ikitumiwa vibaya, huufanya uvumi uwe ushahidi wa uvumi. Jambo likisemwa na watu elfu moja waliolinukuu kutoka kwa mtu mmoja, bado limesemwa na mtu mmoja. Waswahili wana kauli nyingine ninayoona inafaa zaidi kuandikwa juu ya ubao: akili za kuambiwa, changanya na zako.

Kosa la pili, la kudharau maoni, halina kelele ila nalo lina madhara. Mwanafunzi aliyefunzwa kuwa ukweli ni bora na maoni ni duni hawezi kuandika insha ya hoja, wala hatakuja kuwa hakimu, mhariri au diwani mwenye busara. Mambo makubwa ya maisha huamuliwa kwa maoni: mtoto asome shule gani, shamba liuzwe au libaki, kura apewe nani. Hapa pia wanariadha wetu wananisaidia. "Kipchoge ndiye mkimbiaji bora wa marathoni katika historia" ni maoni. Lakini ni maoni yenye msingi: medali ya dhahabu ya Olimpiki mwaka 2016 na tena mwaka 2021, rekodi mbili za dunia mjini Berlin, mwaka 2018 na 2022. Anayemtaja Kiptum naye ana msingi wake: hakuna mwingine kabla yake aliyekuwa amekimbia chini ya saa 2:01 katika mashindano yanayotambuliwa. Wanafunzi hubishana kipindi kizima na hakuna anayetukanwa, kwa sababu kila mmoja anajua anasimamia nini.

Katika mabishano hayohayo hujitokeza dai kwamba Kipchoge anashikilia rekodi ya saa 1:59:40. Muda huo aliukimbia kweli, Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019. Ila haukutambuliwa kuwa rekodi, kwa kuwa hayakuwa mashindano ya wazi na waliomwongoza kasi walikuwa wakipokezana njiani. Mwanafunzi anayejua hivyo amejifunza kwamba jambo linaweza kuwa la kweli nusu, na nusu hiyo ndiyo hudanganya watu werevu.

Halafu kuna sentensi chotara, zenye ukweli ndani na maoni juu yake. Machi 2024 Kipchoge alimaliza wa kumi katika marathoni ya Tokyo. "Alimaliza wa kumi" ni habari. "Aliambulia nafasi ya kumi" tayari ina kejeli. "Aliaibika Tokyo" ni hukumu. Nawaomba wanafunzi wachukue gazeti, wapige mstari chini ya kitenzi kimoja kimoja na kujiuliza kama kinaeleza tukio au kinawasukuma mahali. Baada ya zoezi hilo hawasomi gazeti kama zamani, hata hili unalolisoma sasa.

Tusidhani kwamba udhaifu huu ni wa watoto, au wa Wakenya. Mwaka 2018 kituo cha utafiti cha Pew nchini Marekani kiliwapa watu wazima zaidi ya 5,000 sentensi kumi, tano za kuhakikiwa na tano za maoni. Ni asilimia 26 tu waliozitambua zote tano za kuhakikiwa, na asilimia 35 waliozitambua zote tano za maoni. Zaidi ya hapo, watu walielekea kuiita sentensi ukweli pale ilipoupendeza upande wao wa kisiasa. Kumbe moyo ndio husoma kabla ya macho. Ndiyo maana orodha ya kanuni haitoshi. Mtu anahitaji mazoea ya kujiuliza swali hasa pale habari inapomfurahisha.

Sisi wa Eldoret tuna sababu yetu ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Tarehe 1 Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, kanisa lilichomwa Kiambaa, nje kidogo ya mji huu, na watu waliokuwa wamekimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto, waliteketea. Nchi nzima ilipoteza watu zaidi ya 1,100. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki iliandika katika ripoti yake ya mwaka 2008 jinsi baadhi ya vituo vya redio na jumbe fupi za simu zilivyochochea chuki. Simu za wakati huo zilikuwa ndogo, za vitufe. Wengi wa wanafunzi wangu hawakuwa wamezaliwa, nami siwafundishi kisa hiki ili kuchokonoa kidonda. Nawafundisha ili wajue kwamba kwa jamii iliyojaa hofu, sentensi moja isiyohakikiwa kuhusu jirani inatosha.

Shule peke yake haitalimudu jambo hili. Mtaala wa umilisi umeweka kufikiri kwa kina miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi, nasi walimu tunaujaza kwenye maazimio ya kazi kila muhula. Lakini mtoto anaporudi nyumbani, baba akasema jambo kuhusu kabila fulani au dawa fulani, naye akauliza, "Umejuaje, baba?" mara nyingi hujibiwa kwa jicho kali. Kwetu, kumwuliza mkubwa alikolitoa neno lake huonekana kuwa utovu wa adabu. Mtoto hujifunza haraka: maswali ni ya darasani, nyumbani ni kuitikia.

Naomba tulitazame upya hili la adabu. Wakulima wa Uasin Gishu wanajua kwamba ukifikisha mahindi katika ghala la Bodi ya Nafaka, hupimwa unyevu kabla hayajapokelewa, na yakizidi asilimia 13.5 unarudi kuyaanika. Sijamsikia mkulima akisema ametukanwa kwa sababu magunia yake yamepimwa. Anajua kwamba mahindi mabichi yakiingia ghalani huozesha na ya wenzake. Neno nalo lipimwe hivyohivyo. Anayeuliza kwa sauti ya heshima, "Samahani baba, habari hii umeipata wapi?" hajamvunjia mzazi hadhi. Amelichukua neno lake kuwa zito kiasi cha kustahili kupimwa. Na sehemu ya kazi yetu walimu ni kuwafundisha watoto namna ya kuuliza: sauti gani, wakati gani, mbele ya nani. Swali la kweli likiulizwa kwa ujeuri hupoteza haki yake.

Uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Wengi wa wanafunzi ninaowasahihishia insha leo watakuwa wapiga kura siku hiyo, na wote watakuwa na simu. Mzazi mwenzangu, mtoto akikuuliza "Umejuaje?" mjibu. Kama hujui, mwambie hujui, kisha mtafute pamoja. Na ujumbe wowote ambao wewe mwenyewe huwezi kuujibia swali hilo, usiusambaze.