Nani Aliua Kuku wa Kukhu?

Nyanya yangu tunamwita Kukhu, vile Waluhya wengi huita nyanya zao, kwa hivyo maneno "kuku wa Kukhu" yamenichekesha tangu utotoni. Mwaka jana yaliacha kuchekesha. Niliamka asubuhi moja nikakuta kuku watano kati ya saba wamekufa ndani ya kibanda nilichokijenga mwenyewe. Mmoja tu ndiye aliyekuwa ameliwa. Wale wengine waling'atwa shingo wakaachwa hapo hapo.

Kibanda chenyewe kilikuwa cha kuhamishwa. Kama hujawahi kukiona, fikiria sanduku refu la mbao lisilo na sakafu, futi nane kwa nne. Nusu imeezekwa mabati, nusu ni waya, na upande mmoja una magurudumu mawili ya wilbaro. Kila asubuhi unainua upande wa pili, unasukuma hatua chache, na kuku wanapata nyasi mpya na wadudu wapya. Mbolea inabaki walipotoka. Mwewe anazunguka juu mpaka anachoka.

Shida yake kubwa ni uzito. Ukikifanya kizito, mama wa miaka sabini na kitu hawezi kukisukuma, na kibanda kisichosukumwa ni matope na harufu tu. Ukikifanya chepesi, mbwa atakipindua. Tena shamba si meza. Palipo na kishimo, pengo linabaki chini ya mbao, na kicheche akishapitisha kichwa basi amefika. Kwa hivyo unazungushia sketi ya waya, unailaza chini kwa nje, upana kama futi moja. Mnyama anayechimba huanzia pale ukuta unapogusa ardhi, anakwaruza waya, anajaribu tena pale pale. Hana habari kwamba angerudi nyuma hatua moja angechimba vizuri tu. Siku nilipoelewa hilo nilijiona injinia, kusema ukweli.

Sasa waya. Shangazi alituma pesa kwa M-Pesa akasema ninunue kofi trei, ule waya mgumu wa matundu madogo ambao wakulima huanikia kahawa. Alikuwa ameshaelezwa na fundi kwamba waya wa kawaida wa kuku unamzuia kuku asitoke, lakini mwenye meno anayetaka kuingia haumsumbui sana. Mimi pia nilikuwa najua. Nilinunua waya wa kuku. Nilibaki na shilingi 1,400, nikanunua bando, nyingine ikawa nauli ya kwenda Kisumu kumwona mtu ambaye siku hizi hatuongei.

Kukhu alisema ni nguchiro. Mimi nadhani alikuwa kicheche au kanu, maana nguchiro wengi huwinda mchana, lakini sikutaka mjadala wa mnyama gani, kwa sababu baada ya hapo ungekuja mjadala wa ameingilia wapi. Tundu lilikuwa limeraruliwa kwenye kona, waya umekunjwa kama karatasi. Nililifunika kwa gunia kabla watu hawajafika.

Jirani mmoja akashauri tutege yai lenye sumu ya wadudu. Hapo nikasimama nikahutubia. Nikasema sumu haichagui: itaua mbwa wake, kisha itaua ndege atakayekula mzoga wa mbwa. Nikakumbusha vile simba na tumbusi wamekufa hapa Kenya kwa sumu iliyopakwa kwenye mizoga. Nikasema mnyama mwenye njaa hana kesi. Wazee wakatikisa vichwa, kijana ana busara. Yai halikutegwa.

Kila neno nililosema lilikuwa kweli, na bado silipendi hilo jambo. Hoja haiozi eti kwa sababu mwenye kuitoa ameoza. Yule kicheche, kama ni kicheche, angali hai na anastahili kuwa hai. Lakini sifa nilizopewa siku ile zilikuwa kama chenji ya shangazi. Nilimtetea mshtakiwa vizuri kwa sababu nilimjua mkosaji.

Ama sikuua? Nimejaribu utetezi huo pia. Waya hauna meno. Kati ya mkono wangu na shingo za wale kuku kulikuwa na mnyama mwenye njaa yake, aliyekuja kwa miguu yake. Haya, sema hangekuja. Kuku wangelala salama, ningekuwa na zile 1,400, na ningejiita mjanja. Kosa lingekuwa lile lile, dukani, mchana, kabla ya damu yoyote. Jengo la ghorofa lilipoanguka Huruma usiku wa mvua mwaka 2016, mimi pia nililaani pamoja na nchi nzima. Sikuwahi kuwafikiria waliopunguza saruji kwenye majengo ambayo bado yamesimama. Wanalala vizuri. Mimi pia nililala vizuri, wiki tatu nzima.

Bertrand Russell ana kuku wake kwenye kitabu cha mwaka 1912, *The Problems of Philosophy*: analishwa kila siku na mtu yule yule, anazoea, mpaka siku mkono ule ule unapomnyonga shingo. Watu huusoma mfano huo kama onyo kwa kuku, kwamba jana haithibitishi kesho. Mimi siku hizi namfikiria yule mtu. Angalau alikuwa na nia. Sisi tulikuwa tunawala kuku wa Kukhu, mimi nikiwemo, na sioni aibu kubwa hapo, kuku akichinjwa anachinjwa mchana na mtu anayejua anachofanya. Wale watano waliingia ndani jioni wenyewe, nikafunga komeo, nikawatakia usiku mwema. Huwa nawaongelesha, usicheke.

Kibanda cha pili kina kofi trei kila upande. Nilikilipia kwa pesa ya makala mbili. Kukhu anakisukuma mwenyewe, japo analalamika kwamba nimewajengea kuku jela yenye magurudumu.

Nilimwambia mwezi uliopita, tukichambua mboga. Nilianza na waya, nikamalizia na Kisumu. Aliendelea kuchambua kwa muda, kisha akauliza ni shilingi ngapi. Nikamtajia.

"Hiyo si pesa yangu," akasema. "Mwambie shangazi yako."

Namba yake ninayo. Jana nilimpigia, akapokea, tukaongea kuhusu mvua.