Hata Jua Husimama: Neno kwa Sikukuu ya Mtakatifu Yohana Mbatizaji

Wapendwa katika Kristo,



Tarehe 24 Juni Kanisa letu huadhimisha Kuzaliwa kwa Mtakatifu Yohana Mbatizaji. Watakatifu wengi twawakumbuka kwa siku waliyokufa. Yohana twamkumbuka pia kwa siku aliyozaliwa. Sikukuu hii huangukia katikati ya mwaka, nusu ya njia kutoka Krismasi iliyopita hata Krismasi ijayo, na mara nyingi hutupita bila sisi kuiona. Napenda safari hii tusiiache ipite hivyo.

Kwa nini tarehe hiyo? Mtakatifu Luka atueleza kwamba malaika alipomjia Mariamu, Elisabeti alikuwa katika mwezi wake wa sita. Kwa hiyo Kanisa, likiadhimisha kuzaliwa kwa Bwana wetu tarehe 25 Desemba, lilimweka Yohana miezi sita kabla yake. Na katika kalenda ya kale ya Warumi tarehe hizo mbili zilikuwa ndizo siku za jua kugeuka. Siku hizi wataalamu hutaja kama tarehe 21 ya mwezi wa Juni na ya mwezi wa Desemba, lakini maana ni ile ile. Kwa wenzetu wa kaskazini, Juni ni kilele cha majira ya joto. Mjini London mchana wa wakati huo hufika saa 16 na nusu, na jua huzama baada ya saa tatu usiku. Desemba mchana wao haufiki hata saa 8.

Huku kwetu karibu na Ikweta hatuoni ajabu hiyo. Hapa Dar es Salaam tofauti ya mchana mrefu na mchana mfupi haifiki saa moja, na Juni kwetu ni kipupwe, si joto. Lakini mtu wa pwani akilitazama jua linavyochomoza baharini ataona jambo. Tangu mwisho wa Desemba jua husogea kidogo kidogo kuelekea kaskazini. Likaribiapo mwisho wa Juni mwendo wake hupungua, na kwa siku kadhaa huonekana likichomoza pale pale, kana kwamba limesimama. Kisha hugeuka na kuanza kurudi kusini. Wazee wa Roma waliuita wakati huo kusimama kwa jua. Twajua kwamba anayekwenda si jua, bali ni dunia yetu, iliyoinama nyuzi 23 na nusu, ikilizunguka. Hata hivyo Mungu ameuweka mbinguni mfano ambao kila mwenye macho huuona: hata jua, kabla ya kugeuka, husimama.

Je, sisi husimama lini?

Katika Injili ya Marko, sura ya sita, wanafunzi wa Yohana wauchukua mwili wa mwalimu wao na kuuzika. Mara baada ya habari hiyo ya msiba, mitume warudi kwa Yesu wakiwa wamechoka na kazi. Watu walikuwa wengi, wakija na kwenda, hata mitume hawakupata nafasi ya kula. Bwana hakuwaongezea kazi. Aliwaita waende naye faraghani, mahali pasipo watu, wapumzike kidogo. Angalieni, ndugu zangu, kwamba kazi waliyokuwa wakiifanya ilikuwa njema. Walikuwa wakihubiri na kuponya. Hata kazi ya Mungu humchosha mtu, na Mungu mwenyewe ajua hivyo.

Wako kati yetu wanaoona haya kupumzika. Hudhani kwamba akiketi ataitwa mvivu. Mwingine amebeba kanisa mabegani mwake: yu katika kwaya, yu katika kamati ya ujenzi, huzuru wagonjwa, na nyumbani watoto wake humwona amelala tu. Mvivu hukimbia kazi. Anayepumzika huiweka mikononi mwa Mungu, akikiri kwamba dunia haitaanguka akiiachilia siku moja. Kupumzika ni tendo la imani.

Lakini tuangalie jambo lingine, maana hapa ndipo wengi wetu tunapojikwaa. Baba asema leo anapumzika. Aketi kitini, aitisha chai, aitisha maji ya kuoga, aitisha chakula. Nani anayechota maji hayo? Mama aliyeamka alfajiri, au binti wa kazi aliyetoka kwao mbali na ambaye hana Jumapili wala Jumatatu. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Torati haisemi hivyo. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya tano, amri ya Sabato yamtaja mwana na binti, mtumwa na mjakazi, hata ng'ombe na punda na mgeni. Na Waisraeli waambiwa wakumbuke kwamba wao nao walikuwa watumwa Misri. Pumziko linalonunuliwa kwa jasho la mwingine si Sabato ya Bwana. Basi, wewe mwenye nyumba, mwaka huu anza kwa kumpumzisha anayekutumikia. Mpe siku yake nzima, na ujira wake usiupunguze.

Tukiisha kusimama, tufanye nini? Mwangalieni Zakaria, baba yake Yohana. Alipokuwa hekaluni hakuyasadiki maneno ya malaika, naye akawa bubu mpaka mtoto alipozaliwa na kupewa jina. Kuhani huyo, aliyezoea kunena mbele ya watu, akakaa miezi hiyo yote hana la kusema. Iliposemwa kwamba mtoto aitwe Zakaria kama babaye, yeye aliomba kibao akaandika kwamba jina lake ni Yohana. Hapo kinywa chake kikafunguliwa, na neno la kwanza likawa sifa. Wimbo wake ndio ule tunaoujua katika Sala ya Asubuhi, Benediktus. Wimbo huo ulitoka kwa mtu aliyenyamazishwa, akasikia.

Nasi tunyamaze kidogo. Tafuta saa moja tu. Uzime redio na simu, ukae chini ya mti au kanisani pasipo na mtu. Uingereza ya zamani tarehe hii ya Mtakatifu Yohana ilikuwa moja ya siku nne katika mwaka za kulipa kodi za nyumba na mashamba na kumaliza hesabu. Ni desturi inayotufaa rohoni. Miezi sita imekwisha. Tufanye hesabu mbele za Mungu. Je, yuko ndugu ambaye tangu Krismasi sisemi naye? Je, niliahidi nini siku ya Pasaka, na ahadi ile i wapi? Nani ananidai, fedha au neno la msamaha? Na ni neema gani niliyopokea bila kushukuru? Usiogope majibu. Tunayemfanyia hesabu si mdai mkali, bali ni Baba.

Liko jambo la mwisho. Watu walipomletea Yohana habari kwamba wote sasa wanamwendea Yesu, hakuona wivu. Alijiita rafiki wa bwana arusi, akafurahi, akasema kwamba inapasa Kristo azidi na yeye apungue (Yohana 3). Mtakatifu Augustino aliwakumbusha Wakristo wake jambo hili: Yohana azaliwa wakati mchana unapoanza kupungua, Kristo azaliwa wakati mchana unapoanza kuongezeka. Kwa watu wa kaskazini mbingu zenyewe zahubiri.

Neno hili ni gumu kwa mzee wa kanisa aliyeshika funguo miaka 20, kwa mwalimu aliyestaafu na asiyeamkiwa tena kama zamani, kwa mama ambaye binti zake sasa waendesha nyumba zao wenyewe. Kupungua huuma. Lakini yeye aliyejifunza kusimama na kunyamaza hataogopa siku atakapoambiwa akae. Amekwisha kujua kwamba thamani yake haikuwa katika kazi zake, bali katika upendo wa yule aliyemwita kwa jina kabla hajazaliwa.

Tarehe 24, basi, njooni katika Ushirika Mtakatifu. Kisha rudini nyumbani mapema, mkapumzike, na waliowapikia wapumzike nanyi.

Mungu Baba, Mwana na Roho Mtakatifu awabariki. Amina.

Ni mimi, mchungaji wenu katika Kristo.