Amana ya Kitabu Baada ya Kampuni Kufa

Shirika la uchapishaji linapovunjwa, linapouzwa au linapounganishwa na jingine, je, wajibu wake kwa wasomaji hufa pamoja nalo, au humfuata anayechukua mali yake? Swali hili ni la fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, kabla ya kuwa la biashara, na lina uzito zaidi katika jamii ambamo kitabu hakikuwahi kuwa bidhaa tupu. Katika Wambaa, kijiji cha pwani ya magharibi ya Pemba katika Wilaya ya Mkoani, kama katika vijiji vingine vya kisiwa hicho, mtoto hukutana na kitabu kwanza chuoni, yaani madrasa ya Kurani, akiwa ameshika juzuu yake. Na msahafu uliowekwa msikitini kwa wakfu hausomwi kwa idhini ya aliyeununua, kwa kuwa milki yake imekwisha kumtoka.

Wakfu, kwa istilahi ya mafakihi, ni kuizuia asili ya mali isiuzwe, isirithiwe wala isitolewe zawadi, huku manufaa yake yakiachiwa waliokusudiwa. Kitabu kilizusha mjadala kwa sababu ni mali inayohamishika na kuchakaa: wanazuoni wa mwanzo wa Kihanafi walisita kuiwekea wakfu mali ya namna hiyo, ingawa Muhammad al-Shaybani aliruhusu iliyozoeleka katika ada ya watu, na madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Pemba, yanaruhusu kila kinachonufaisha huku chenyewe kikibaki. Ndiyo maana katika hazina ya vitabu ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, vimo vyenye maandishi ya wakfu. La msingi zaidi ni kwamba kila wakfu una mutawalli, msimamizi ambaye mali imo mkononi mwake bila kuwa yake, na ambaye anaweza kuulizwa.

Historia ya uchapishaji wa Afrika Mashariki inaonyesha jinsi msimamizi wa aina hiyo alivyokosekana. Matbaa ya Sultan Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, ilichapa vitabu vya madhehebu ya Kiibadhi, kikiwamo Qamus al-Sharia, kazi ya majalada mengi ambayo sehemu yake tu ndiyo iliyotoka mitamboni, kwa kuwa mradi mzima ulitegemea hima na hazina ya mtawala mmoja. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa 1948 chini ya utawala wa Waingereza, ndiyo iliyotoa *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja mwaka 1960. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, ofisi hiyo nayo ilisambaratika, na tawi lake la Kenya likageuka Kenya Literature Bureau. East African Publishing House ya Nairobi, iliyozaliwa 1965, haikuvuka miaka ya 1980. Tanzania Publishing House ilianzishwa 1966 kwa ubia wa serikali na Macmillan, kisha ikadhoofika, na aliyekuwa meneja wake, Walter Bgoya, akaanzisha Mkuki na Nyota mwaka 1991.

Hata hivyo, matini yaweza kuishi kuliko mlezi wake wa kwanza. *Kusadikika* cha Shaaban Robert kilitolewa 1951 na Thomas Nelson, kampuni iliyoasisiwa Edinburgh mwaka 1798 na baadaye kupita mikononi mwa wamiliki kadhaa, lakini leo husomwa katika toleo la Mkuki na Nyota. *Utengano* cha Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Pemba, kilichapwa 1980 na Longman Kenya, tawi la nyumba iliyoanzia London mwaka 1724, kisha kikabaki kwa mrithi wake wa Nairobi, Longhorn. Vitabu hivi vilinusurika kwa sababu vilikuwa na soko, na soko si mutawalli, kwani hulinda kinachouzika na kukiacha kinachohitajiwa na wachache.

Hapa yafaa kutenganisha milki na amana. Kampuni ni mtu wa kisheria, yaani chombo kinachoweza kumiliki, kudai na kudaiwa bila kuwa na nafsi. Ikifilisika, wadai wake hupangwa kwa zamu, na mwandishi anaweza kuwamo kwa ajili ya mrabaha wake, lakini msomaji hayumo, kwa sababu hana mkataba. Ikiunganishwa na nyingine, hakimiliki, yaani haki ya pekee ya kunakili na kutoa kazi, huhamia kwa mnunuzi, ambaye anaweza kuifungia kabatini bila kuvunja sheria yoyote.

Atakayemtetea mnunuzi huyo atasema kwamba hakimiliki ni mali halali, kama Baraza la Fikihi la Kiislamu lilivyoamua Kuwait mwaka 1988, na kwamba hakuna anayelazimishwa kuchapa kwa hasara. Hoja hiyo ni sahihi, ila haitoshi. Katika mlango wa fikihi unaohusu kuhuisha ardhi mfu, yaani ardhi isiyolimwa wala kuwa na mwenyewe, Wahanafi walishika kauli inayonasibishwa na Umar bin al-Khattab kwamba anayeizungushia ardhi hiyo mpaka asiilime kwa miaka 3 hupoteza haki ya kuwazuia wengine. Mpaka ulikusudiwa kumlinda mwenye kulima, na asiyelima hana cha kulindiwa. Kwa kulinganisha na kauli hiyo, kampuni isiyochapa haidaiwi kuchapa, bali inadaiwa kutozuia.

Wala wakfu wenyewe hautakaswi na lawama, kwani mutawalli huweza kuila mali au kuipuuza. Tofauti ni kwamba mutawalli mbaya hujulikana kuwa mwovu kwa kipimo cha wakfu wenyewe, na kadhi anaweza kumwondoa, ilhali mmiliki anayekifungia kitabu hana kipimo kinachomhukumu. Kwa hiyo kifungu cha kumrudishia mwandishi au warithi wake haki pale kitabu kinapokoma kuchapwa, ambacho wachapishaji wengine wamekwisha kukikubali, kisionekane kuwa hisani ya mchapishaji. Ni urudishaji wa amana, na kinapaswa kuandikwa katika kila mkataba siku kampuni ingali hai, kwa sababu kampuni iliyokufa haina wa kuulizwa.